Uso Ulioungua Upakwe Nini?

Mtoto akimwagikiwa uji wa moto usoni, jirani mmoja huja na samli, wa pili dawa ya meno. Viweke kando! Samli huziba joto na kuchafua kidonda. Kwanza maji safi ya baridi yamiminike dakika 20. Kisha hospitali, Nyakahanga au Isingiro, iliyo karibu nawe.

Krimu nyeupe yenye madini ya fedha, silva salfadiazini, hufaa mkononi na mguuni. Lakini isiingie machoni, wala asipakwe mtoto wa chini ya miezi 2. Usoni waganga hupendelea marhamu ya mafuta, hupakwa nyembamba, bila kufunga bandeji. Basi krimu iliyobaki ya mguu wa baba, usimpake mtoto usoni.