Jibu kwa Mwenye Kuwapima Askari kwa Misuli

Mwandishi aliyedai kwamba askari mteule huumbwa na kambi tu, kwa mbio na mizigo, na kwamba mwenyeji wa mlimani hana la kumfunza, namheshimu. Walakini hoja yake yaniuma, kwani naandika haya Nizwa, Omani, chini ya mlima wa Jabal Akhdar, ambako hoja hiyo ilipimwa ikapungua.

Tangu 1957 hata Januari 1959 watu wa Talib bin Ali, aliyemwasi Sultani wa Omani, baadhi yao wamefunzwa Saudia na wengine ni wana wa mlima wenyewe, waliishika ngome ile ya mawe mbele ya majeshi ya Sultani na ndege za Kiingereza. SAS, kikosi teule cha Kiingereza, waliochujwa katika milima ya Wales na kukomazwa misituni Malaya, ndio walioiteka, sikatai. Bali waliiteka kwa hila iliyowazuga walinzi, wakapanda usiku njia isiyodhaniwa. Hata punda walioletwa kutoka Somalia kuwabebea mizigo hawakuiweza miamba ile.

Naye azisahau vipi firqa za Dhofar, vikosi vya wenyeji wa kusini mwa Omani, zilizoanza kuundwa 1971, aghalabu kwa watu waliotoka upande wa waasi wa huko, waliojua kila kisima na kila ukoo? SAS haohao, pamoja na kuchujwa kwao kote, waliwahitaji. Basi atuambie: ni mtihani upi wa Wales ungalimchagua mmoja wao?