Kwa nini Wakristo humwita Mfalme mtu aliyesulubiwa?

Kila Ijumaa Kuu, kuanzia Manyovu hadi Kasulu na Kibondo, Wakristo husikiliza habari ya mtu aliyehukumiwa kifo. Juu ya kichwa chake paliwekwa kibao kinachosema yeye ni mfalme. Mfalme gani huyu, asiye na askari hata mmoja?

Sisi wa Buha tuna haki ya kuuliza. Mwami tunamfahamu. Alikuwa na ngoma, ng'ombe na watwale wa kumwakilisha vijijini. Mwami Theresa Ntare wa Heru, Kasulu, alikuwa miongoni mwa watawala wa mwisho kabla serikali ya Tanganyika haijafuta utawala wa machifu mwaka 1963. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, ufalme ulikoma mwaka 1966.

Nani alimwita mfalme?

Warumi waliwasulubisha hasa watumwa na waasi, ili kuwatisha wengine. Askari walimvika Yesu taji la miiba na joho, wakampigia magoti kwa dhihaka. Injili ya Yohana inasema Pilato aliandika kibao kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki. Wakuu wa makuhani walitaka kibadilishwe, naye akakataa.

Waandishi wa Injili wanaona kwamba wenye dhihaka walisema kweli bila kujua. Katika Injili ya Marko, Yakobo na Yohana waliomba kuketi kulia na kushoto kwa Yesu katika utukufu wake. Aliwajibu kwamba hawakujua wanachoomba, kisha akawaambia kuwa mkubwa ni yule anayewatumikia wengine. Siku ya msalaba ilipofika, waliokuwa kulia na kushoto kwake ni wahalifu wawili.

Ndiyo maana kwa Wakristo ufalme wa Yesu hausubiri ufufuko ndipo uonekane. Unaonekana palepale msalabani: mwenye mamlaka anatoa uhai wake, hachukui wa wengine.

Inatuhusu nini leo?

Mkoa wetu unajua gharama ya madaraka ya aina nyingine. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na tangu mwaka 2015 maelfu ya Warundi walikimbilia Kigoma baada ya mvutano wa kugombea urais.

Lakini tuwe waangalifu. Msalaba usitumike kumwambia aliyedhulumiwa shamba, au mama anayepigwa, avumilie tu na kunyamaza. Aliyesulubiwa hakuwa na hatia. Habari yake inawashtaki waliomhukumu.

Kwa hiyo anayekiri kwamba Aliyesulubiwa ni Mfalme amejipa kipimo. Awe mwenyekiti wa kijiji, mchungaji, padri au baba wa nyumba, anaulizwa swali moja: chini ya mamlaka yako, nani anabeba mzigo?