Haki ya Mnyama juu ya Mwenye Kumtumia



Baba mmoja wa Kibiti, msomaji wetu, ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya watu wa nyumba zote. Ana shamba la mikorosho na minazi mbali na barabara ya Kilwa. Wanawe wamemtamani farasi wa kupanda na kuchukulia mazao. Naye auliza: je, ni israfu? Na kama si israfu, je, atatufaa?

Kwa upande wa dini, hapana shaka ya uhalali. Katika Suratun-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amewataja farasi, nyumbu na punda pamoja, kwamba wameumbwa tuwapande na wawe pambo. Lakini Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amewagawa wenye farasi mafungu matatu: mmoja farasi wake ni thawabu, wa pili ni sitara, na wa tatu ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa amemfuga kwa kiburi na kujionyesha. Basi mwenye swali na aanze kwa kuipima nia yake.

Kwa upande wa nchi, mambo ni mazito zaidi. Rufiji si nchi ya farasi. Ukitoka Nyamisati kuingia kwenye mikoko na visiwa vya delta, farasi wa watu ni mtumbwi. Na huku nchi kavu, porini mna mbung'o. Akimuuma mnyama humtia ugonjwa wa nagana: homa huja na kuondoka, damu hupungua, miguu na chini ya tumbo huvimba, na mnyama hukonda ilhali anakula. Farasi hudhoofika upesi. Punda hustahimili zaidi, lakini naye hasalimiki. Unguja ilitangazwa kuwa imeepukana na mdudu huyu mwaka 1997, baada ya madume yaliyotiwa ugumba kuachiliwa kwa ndege. Sisi wa bara hatujafika huko.

Iko khabari ya kale inayotufaa. Mwaka 1866 msafiri David Livingstone alitoka Unguja akashuka Mikindani, kusini yetu, akiwa na ngamia, nyati wa India, nyumbu na punda. Alitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kustahimili mbung'o katika njia ya Ruvuma. Wakafa mmoja baada ya mwingine. Lakini jaribio lake halikumpa jawabu, kwani baadhi ya waliowachunga waliwapiga na kuwatwika kupita kiasi, hata wakajaa vidonda. Aliyewaua ni mbung'o au ni fimbo? Mwenyewe alilalamika kwamba ukatili ule umemharibia jaribio.

Swali hilo sisi twalijua. Tulipokuwa vijana tuliazima punda wa jirani, tukamtwika magunia ya nazi tuyafikishe barabarani. Akasimama njiani, tukampiga. Akaenda kidogo, akasimama tena, tukampiga tena. Jioni alilala, na asubuhi hakuamka. Tukamwambia mwenyewe, "Ni mbung'o." Huenda ilikuwa kweli. Jirani alitusadiki, hakudai kitu, na sasa ni marehemu. Tangu tuanze kusomesha chuoni, kila tufikapo kwenye hadithi ya Abu Daud ya yule ngamia aliyemlilia Mtume kwamba bwana wake amtia njaa na kumchosha, sauti hutupungua.

Kwa hiyo, ewe mwenye swali, jawabu letu ni hili. Farasi mwache. Ukitaka mnyama wa kuchukua mzigo, nunua punda, na kabla hujatoa fedha mwite bwana mifugo ampime damu. Dawa ya mbung'o usimpige mwenyewe, kwani iliyomfaa ng'ombe yaweza kumdhuru punda. Ukimsafirisha kwa gari, chukua kibali, tandika mchanga au nyasi asiteleze, mpe maji, wala usimfunge miguu ukamlaza kama gunia. Safiri usiku kukiwa na baridi, kwani mbung'o huuma mchana. Mgongo wenye kidonda usitwikwe hata kikapu. Usoni asipigwe wala asitiwe chapa. Mtume amekataza, na hadithi yake imo katika Muslim. Na akizeeka, usimuuze kwa wanaotafuta ngozi: mwezi wa Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo.

Na wanao wafundishe jambo moja kabla ya kuwapa kamba: mnyama akisimama njiani, kwanza ashushwe mzigo, kisha ndipo iulizwe sababu.

Ama sisi, tulipokuwa tukiandika jawabu hili tuliona haya kuwapa watu nasaha tusiyoitimiza. Haki ya mwanadamu haifutwi kwa istighfari peke yake. Tumewaendea warithi wa jirani yule, tumewaeleza ukweli wa siku ile, na tumewalipa thamani ya punda. Wamepokea, wametusamehe. Imebaki haki ya punda mwenyewe, nayo hatuna wa kumlipa. Twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie.

Wallahu aalam.