Bandari Haiishii Gatini

Wako watu wenye elimu kubwa na nia njema ambao, likitajwa suala la moshi wa meli, huyaelekeza macho yao baharini tu. Huhesabu moshi tangu chombo kinapoonekana upeoni mpaka kinapofungwa kamba gatini. Kamba ikikazwa, kalamu zao huwekwa chini. Kwa watu hawa Mafinga ni mji wa mbao, chai na baridi, na hauna neno la kusema juu ya bandari. Hesabu yao ni pungufu, na upungufu wake hulipwa kwa mapafu ya watu ambao wengine wao hawajapata kuiona bahari.

Haki ya wapinzani itolewe kwanza. Moshi wa meli si jambo dogo. Meli za dunia hutoa kadiri ya asilimia 3 ya gesi zinazoongeza joto la ulimwengu. Mafuta mazito yaliyochomwa na meli hizo yaliruhusiwa kuwa na salfa asilimia 3.50 mpaka mwisho wa mwaka 2019. Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari lilishusha kiwango hicho hadi asilimia 0.50. Ni hatua njema. Hata hivyo, dizeli ya malori katika Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwekewa mpaka wa sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, maana yake meli ingali na ruhusa ya kuchoma mafuta yenye salfa mara mia zaidi ya yale ya lori. Tena wako wenye meli walioona ni nafuu kuuosha moshi kwa maji ya chumvi na kuyamwaga maji hayo baharini, wakauita mwoshano huo usafi.

Wavumbuzi nao hawakulala. Mwaka 2023 meli ya makontena iliyotumia methanoli ilifika Copenhagen ikapewa jina kwa shangwe. Mwaka huo huo meli ya shehena iitwayo Pyxis Ocean ilitiwa matanga mawili magumu, ili upepo uipunguzie injini kazi, na magazeti ya dunia yakaandika kana kwamba upepo umegunduliwa juzi. Majahazi yaliyokuja Unguja kwa kaskazi na kurudi Arabuni kwa kusi hayakuwa na bomba la moshi hata moja. Ila hayakupata kuitwa teknolojia safi, yaliitwa mambo ya kale.

Katika uvumbuzi wote huo, ulio karibu zaidi na uwezo wa nchi kama Tanzania ni waya. Meli ikiwa gatini hailali: taa zake, pampu zake na majokofu yake huendelea kufanya kazi, na injini ndogo za dizeli huunguruma usiku kucha mbele ya mji. Bandari ya Gothenburg ilianza mwaka 2000 kuzipa meli za shehena umeme mkubwa kutoka nchi kavu, injini zikazimwa. California ililifanya jambo hilo kuwa sheria, na Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba ifikapo 2030 meli za makontena na za abiria zitumie umeme huo katika bandari zake kubwa. Dar es Salaam nayo yastahili waya huo, wala hapana sababu ya kuungoja hisani.

Lakini umeme wenyewe utatoka wapi? Hapa ndipo Mafinga inapoingia katika habari za bandari, nayo haingii kwa kuomba. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limejengwa juu ya Mto Rufiji, na Rufiji ni mtoto wa Ruaha Mkuu na Kilombero. Ruaha Mdogo, unaomwagia maji yake katika Ruaha Mkuu, huanzia nyanda za Mufindi. Maporomoko ya Kihansi, yenye mitambo ya megawati 180, huanguka kutoka ukingo wa nyanda hizo hizo kwenda bonde la Kilombero, na kwa ajili yake chura mdogo asiyepatikana penginepo duniani alipoteza makao yake akatoweka porini. Nchi ya Mufindi, basi, huipelekea pwani maji na nuru. Pwani huirudishia nini?

Asimame mtu yeyote kando ya barabara kuu pale Mafinga, asubuhi yenye ukungu, aangalie. Malori yenye matela hupita kuelekea Tunduma na makontena yaliyoshushwa melini, na mengine hushuka kuelekea bandarini yakiwa na shaba ya Zambia na ya Kongo. Kontena lililokuwa sawa na uso wa bahari limepandishwa Mlima Kitonga kwa gia ndogo, limefika mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na kila mita ya kupanda imelipiwa kwa dizeli. Kutoka bandarini hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori likila lita 40 kwa kila kilomita 100, litakunywa lita 360 kwa safari moja; na kwa kuwa lita moja ya dizeli hutoa kadiri ya kilo 2.7 za hewa ukaa, lori hilo litaacha njiani karibu tani nzima. Hiyo ni safari moja ya lori moja, bila kurudi.

Na shaba hiyo huenda kufanya nini? Huenda kufanywa nyaya za magari ya umeme, mitambo ya upepo, na hizo hizo nyaya zitakazozipa meli umeme katika bandari za Ulaya. Usafi wa gati la mbali hununuliwa kwa masizi ya Mafinga. Mtu akiandika kitabu kizima juu ya bandari safi asiitaje barabara hii, ameandika nusu ya kitabu.

Wala moshi si deni pekee. Tarehe 11 Machi 2015, katika eneo la Changarawe, Mafinga, lori na basi viligongana, kontena likaanguka juu ya basi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Kontena ni chombo cha bandari. Hapana orodha ya ajali za bandari iliyowahesabu watu wale.

Dawa ya ugonjwa huu haihitaji kuvumbuliwa. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hupita Kilombero, hupanda nyanda za juu na kukutana na barabara kuu pale Makambako, mwendo mfupi kutoka Mafinga. Iliundwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Shehena iliyokosa behewa haikuyeyuka, ilipanda lori. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia huko Beijing kutiwa saini kwa hati ya kuifufua, na mwaka 2025 mkataba wenye thamani ya dola bilioni 1.4 ulifuata. Habari hizo ziliandikwa kama habari za biashara. Zilistahili kuandikwa pia kama habari za hewa, maana treni moja ya mabehewa 30 huondoa barabarani malori yasiyopungua idadi hiyo.

Watasema wapinzani: treni za TAZARA nazo huvutwa kwa dizeli. Ni kweli, ila chuma juu ya chuma huteleza kwa nguvu chache, na tani moja ya mzigo relini hula mafuta machache sana kuliko barabarani. Tena umeme wa reli si ndoto ya wageni: tangu 2024 treni ya umeme yaenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, gari moshi lisilo na moshi. Kisichowezekana Makambako ni kipi?

Watasema wengine: Mufindi ina miti, na miti hunywa hewa ukaa. Sao Hill ni shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali, na kampuni ya Norway imepanda misitu wilayani humo na kuuza hati za hewa ukaa. Hoja hii ni ya ujanja kuliko zote. Msonobari hukatwa ukawa mbao, na gogo lililokatwa halinywi kitu. Zaidi ya hayo, mti haufuti masizi yaliyokwisha kuingia kifuani mwa mchuuzi wa kando ya barabara.

Hoja nzito ni moja tu, ya riziki. Mama lishe, fundi wa matairi, mwenye nyumba ya kulala wageni, wote hula kwa lori. Msemaji wa reli asiyewajibu hawa hafai kusikilizwa. Jibu lililopo ni kwamba mbao na nguzo za Mufindi zenyewe zahitaji njia nafuu ya kwenda sokoni. Stesheni yenye treni za kutegemewa nayo huhitaji chakula, vitanda na mafundi. Hata hivyo jibu hilo litakuwa maneno matupu mpaka liandikwe katika mipango ya halmashauri pamoja na fedha zake.

Oktoba 2025, huko London, mataifa yaliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kutoza meli fedha kwa moshi wao, kwa kura 57 dhidi ya 49. Fedha hizo, zikipatikana, zitagombewa. Wajumbe wa Tanzania wakienda na hesabu inayoishia gatini, watapewa kipimo cha gati. Basi Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari itakapoandika hesabu ya moshi wa bandari ya Dar es Salaam, na ianze nangani na kumalizikia Tunduma, na mojawapo ya mashine za kupimia hewa isimikwe Mafinga, ukingoni mwa barabara, mahali wanapouza mahindi ya kuchoma.