Wachawi wa Salem na Kicheko Chetu

Watu wengi hudhani kwamba mchezo wa kuchekesha hauna neno. Husema kuwa mahubiri hufundisha, sheria huamuru na historia hukumbusha, bali kichekesho hupita kama upepo kisiache alama. Mimi sikubali. Fikira iliyoingia moyoni pamoja na kicheko huingia bila kupiga hodi, na mgeni asiyepiga hodi ndiye apasaye kuchunguzwa kwanza. Katika insha hii nataka kuithibitisha hoja hiyo kwa filamu moja ya Marekani ipendwayo na wengi, ambayo mimi mwenyewe siwezi kuitazama bila kucheka.

Jina lake ni Hocus Pocus. Ilitolewa na kampuni ya Walt Disney mwezi wa Julai 1993, na mwongozaji wake alikuwa Kenny Ortega. Ilipotokea haikupokewa vyema. Wahakiki wengi waliibeza, na majumba ya sinema hayakujaa kama ilivyotumainiwa. Tena hadithi ya usiku wa Halloween, ambao ni wa tarehe 31 Oktoba, ilitolewa katikati ya kiangazi. Walakini filamu iliyokataliwa sokoni ilikaribishwa nyumbani. Kwa kanda za video, kisha kwa diski, na kwa televisheni iliyoirudia kila ulipofika msimu wake, watoto wa siku zile waliijua kwa moyo, na walipokua wakawaonyesha watoto wao. Mwaka wa 2022 ilitolewa filamu ya pili, ili kuwaridhisha wapenzi hao wasiochoka.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wachawi watatu, dada wa tumbo moja waitwao Sanderson, wanaishi msituni kando ya mji wa Salem, katika Massachusetts. Wanawavuta watoto kwa wimbo na kufyonza uhai wao ili wao warudi ujanani. Mwaka wa 1693 wanamuua msichana mdogo, wanamgeuza kaka yake kuwa paka mweusi asiyekufa, kisha wenyeji wanawakamata na kuwanyonga. Miaka 300 baadaye, mvulana mgeni mjini anawasha mshumaa wenye mwali mweusi, nao wanafufuka. Hapo ndipo vichekesho vinapoanza. Wachawi wanaogopa barabara ya lami kwa kuidhani ni mto mweusi, na mmoja wao, akikosa fagio la kurukia, anaruka angani juu ya mashine ya kufyonza vumbi. Bette Midler, aigizaye dada mkubwa, anaijaza kila sehemu kwa sauti na macho yake. Nakiri kwamba mchezo wake ni wa mtu anayeijua kazi yake barabara.

Likizo iliyopita niliiweka filamu hii nyumbani mbele ya wajukuu. Tulicheka hata mbavu zikatuuma. Ilipokwisha, mjukuu wangu wa kike akaniuliza, “Babu, kumbe wale watu wa Salem walikuwa na haki kuwanyonga?” Nilitaka kumjibu mara moja nikashindwa, maana kwa mujibu wa yale aliyoyaona, jibu lilikuwa ndiyo. Hii ndiyo faida ya kutazama nyumbani: waweza kuirudisha nyuma. Tukairudisha mpaka mwanzo, tukautazama tena ule ukurasa wa kwanza ambao watu wengi huupita kwa haraka ya kufikia vichekesho. Msichana amekufa. Wauaji wake ni vikongwe watatu. Umati umekuja na mienge, na umati hukukosea.

Hapo ndipo ninapogombana na filamu hii, kwa kuwa Salem si mji wa ngano. Ni mji wa kweli, na waliokufa humo walikuwa watu wa kweli. Mapema mwaka wa 1692, katika nyumba ya kasisi Samuel Parris, watoto wawili wa kike walishikwa na maradhi yasiyoeleweka, ikasemwa kuwa wamerogwa. Tazameni ni nani waliotajwa kwanza. Alitajwa Tituba, mtumwa wa kasisi. Akatajwa Sarah Good, maskini aliyekuwa akiombaomba mlango kwa mlango. Akatajwa Sarah Osborne, mwanamke mgonjwa aliyekuwa na ugomvi wa urithi wa ardhi. Mtumwa, ombaomba na mjane wa zamani mwenye kesi ya shamba: hakuna mnyonge aliyesahauliwa.

Moto ukaenea mpaka walioshtakiwa wakapita watu 150. Mahakama ilikubali ushahidi wa ajabu: shahidi akisema kuwa kivuli cha mshtakiwa kilimjia usiku kikamfinya, maneno hayo yalitosha, hata kama mshtakiwa mwenyewe alikuwa amelala kwake. Rebecca Nurse, ajuza wa miaka 71 aliyeheshimiwa kwa ibada yake, aliachiliwa na wazee wa baraza; mashahidi wakapiga mayowe, wazee wakarudishwa kufikiri upya, na ajuza akahukumiwa. Alinyongwa tarehe 19 Julai 1692. Jumla ya walionyongwa ni watu 19, wanawake 14 na wanaume 5. Mkulima mzee, Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alilazwa chini na kurundikiwa mawe mpaka akafa. Wengine walifia gerezani.

Sasa angalieni jambo moja. Filamu inawanyonga wachawi wake mwaka wa 1693. Katika historia hapana mtu aliyenyongwa Salem mwaka huo. Gavana William Phips alikuwa amekwisha kuivunja mahakama ile mwezi wa Oktoba 1692, na mwaka wa 1693 ndio mwaka ambao waliosalia gerezani walifunguliwa. Yaani mwaka ambao watu walianza kurudiwa na akili, filamu imeufanya mwaka wa kitanzi, tena kitanzi cha haki. Mwaka wa 1697 hakimu mmojawapo, Samuel Sewall, alisimama kanisani huku toba yake ikisomwa mbele ya watu. Na mtu wa mwisho katika waliohukumiwa, Elizabeth Johnson, alisafishwa jina na bunge la Massachusetts mwaka wa 2022, mwaka uleule ilipotolewa filamu ya pili. Hakimu alijutia kosa. Kichekesho hakina habari.

Yamkini msomaji atasema, “Haya ni mambo ya ng’ambo na ya kale, sisi yatuhusu nini?” Ningefurahi kama yasingetuhusu. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi ya Kisii, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, katika Kisii hiyohiyo, wanawake wazee wanne waliuawa kwa neno hilohilo. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa sababu mvi zimefanywa kuwa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pamekuwa na shamba linalotamaniwa na vijana wa ukoo. Huko Ganze pana makimbilio yaitwayo Kaya Godoma, ambako wazee waliotishwa na wana wao wenyewe wamekwenda kujificha. Fikirini: mtu amezaa, amelea, amezika, kisha katika uzee wake anawakimbia aliowanyonyesha!

Kati ya mjane wa Salem mwenye kesi ya shamba na mzee wa Kilifi mwenye minazi yake, pana zaidi ya miaka 300 na bahari nzima. Lakini hila ni ile ile. Jina la mchawi huvishwa mtu asiye na mtetezi, na mara nyingi yuko mwenye kufaidika.

Najua nitajibiwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba huo ni mchezo tu, na hakuna mtoto aliyeua mtu kwa kutazama Hocus Pocus. Hilo nalikubali, nami sidai kwamba filamu huua. Ninalodai ni kwamba umati una hadithi yake, ambayo huihitaji kabla ya kuokota jiwe: kuwa kikongwe akaaye peke yake ndiye aliyekula uhai wa mtoto. Filamu hii inaisimulia hadithi hiyo kama ilivyo, kisha inaipaka asali. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tena walisema, lisemwalo lipo. Nami nathubutu kusema kuwa methali hii ya pili, ikitiwa kinywani mwa umati, imewaponza wengi. Kule Salem mengi yalisemwa, na hapakuwapo hata moja.

Hoja ya pili ni ya wenye hasira kuliko mimi. Wao watasema, “Kama ni hivyo, ipigwe marufuku.” La, hasha. Kuficha filamu ni kuwanyima vijana nafasi ya kuipima. Tena kicheko chenyewe chaweza kuwa dawa. Mtu anayemcheka mchawi aliyepanda mashine ya vumbi amekwisha kupunguza hofu, na hofu ndiyo kuni za moto wa umati. Filamu ingekuwa bora mara mia kama ingethubutu kuwacheka pia wale wenye mienge: kasisi aliyeshtuka, hakimu aliyesadiki vivuli, jirani aliyelipigia hesabu shamba la mwenzake. Hao ndio waliostahili kuchekwa, na hao ndio walioachwa bila kuguswa.

Basi shauri langu kwenu, vijana, si gumu. Itazameni filamu hii mkiipata, na mcheke, kwa maana inachekesha. Kisha irudisheni mwanzo, mwatazame wale watu wenye mienge, na mjiulize swali ambalo filamu haikuliuliza: Nani ameona? Nani amethibitisha? Nani atapata faida mtuhumiwa akifa? Mkizoea kuuliza hivyo mbele ya kioo cha televisheni, mtaweza kuuliza siku moja mbele ya umati, njiani, usiku, wakati jina la ajuza wa jirani litakapokuwa likitajwa na kila mtu.

Mjukuu wangu nilimjibu hatimaye. Nilimwambia, “Hapana, mama. Wale wa filamu walikuwa wachawi kwa kuwa mtunzi ametaka. Wale wa Salem walikuwa mabibi wa watu.” Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuketi karibu na bibi yake.