Logi ya hasi moja: nilimdanganya dogo

Leo nina dukuduku. Nikiwa mazoezi ya kufundisha huku Tegeta, kijana wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, logi ya hasi moja ni ngapi?" Nikamjibu haipo, kaa chini. Darasa likacheka. Hakuuliza tena.

Jamani, ipo! Tena siyo moja. Leibniz na Johann Bernoulli walibishana juu yake miaka ya 1712 na 1713, mpaka Euler akaumaliza ubishi mwaka 1749. Logi asilia ya −1 ni iπ, ni 3iπ, ni −iπ, bila mwisho, zikipishana kwa 2iπ. Ni kama mshale wa saa: ukiwa kwenye mbili, ni asubuhi au usiku? Mshale uko palepale, mizunguko ndiyo tofauti. Basi tunachagua moja, iπ, tunaiita thamani kuu. Ni makubaliano tu ili tuelewane.

Maoni yangu: walimu watarajiwa tusiseme "haipo". Tuseme, "kwenye namba halisi haipo, subiri namba changamano". Nikirudi Tegeta namtafuta yule dogo nimwombe radhi. Nyie mnasemaje?