Mnyama wa Mtoto ni Mzigo wa Mkubwa

Leo sikuja na hadithi ya sungura mjanja. Nimekuja kukiri kosa, kisha nitoe maoni yangu.

Mwaka jana mdogo wangu, kitindamimba wetu mwenye umri wa miaka mitano, alilia wiki nzima ati ataka mnyama wa kucheza naye. Sisi twakaa Buxton, orofa ya tatu, vyumba viwili na roshani ya kuanikia nguo. Nami, kwa kujitia kaka mwema, nikatoa akiba yangu ya nauli nikamnunulia vifaranga wawili wa kuku. Lo! Alivyofurahi!

Wa kwanza alikufa usiku uleule. Tulimwacha ndani ya boksi karibu na dirisha, kumbe kifaranga katika wiki yake ya kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ambalo hupata chini ya mbawa za mamake. Wa pili alifia mikononi mwa mtoto. Alikuwa amemkumbatia, tena kwa nguvu, vile tunavyomkumbatia yeye. Badala ya kukubali kosa langu, nikampigia kelele: "Umemuua!" Mamangu alipotoka kazini akauliza kulikoni. Nilipomaliza kueleza, akaniambia neno moja tu: "Mwanangu, huyu mtoto hana kosa. Mwenye kosa ni aliyemletea."

Nililala na neno hilo. Mpaka leo mdogo wangu akiona kuku husema, "Mimi nilimuua." Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wako wanaosema kwamba mnyama humfundisha mtoto kuwajibika. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wahenga walivyosema. Sikatai. Lakini tusimkunje mtoto kwa roho ya kiumbe kingine. Mtoto wa miaka mitano husahau hata viatu vyake msikitini. Atakumbukaje maji ya mnyama kila siku? Kwa maoni yangu, anayechaguliwa mnyama si mtoto, ni mkubwa atakayemlisha mtoto akichoka. Kama mkubwa huyo hayupo, basi mnyama naye asiwepo.

Baada ya msiba wetu jirani mmoja akaja na rai. Ati angetuletea kobe mdogo kutoka porini, maana kobe hapigi kelele wala hali sana. Nani asiyempenda kobe? Sote twakijua kisa cha Mzee, yule kobe mkubwa wa Haller Park kule Bamburi, aliyefanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Lakini kobe wa porini si wa kufugwa kiholela. Sheria ya wanyamapori ya 2013 yakataza mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Isitoshe, kobe aweza kubeba viini vya salmonela, navyo huwaendesha watoto vibaya. Huko Marekani walipiga marufuku kuuza kobe na kasa wadogo tangu 1975, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Basi tukamshukuru jirani, tukakataa.

Sungura je? Ni mzuri, ila joto letu la Februari na Machi humtesa sana, kwani akipita nyuzi 30 huhema kwa taabu. Aidha, mtoto akimbeba vibaya naye akarusha miguu, aweza kuvunjika uti wa mgongo. Mbwa ataka uwanja wa kukimbia, na nyumba nyingi za Waislamu hazimwingizi ndani.

Kwa hivyo mimi nampigia kura paka, tena paka mzima, si kinda. Paka mzima akibanwa atajitoa aende zake juu ya kabati. Kinda na kifaranga hawawezi. Paka wamejaa tele, kuanzia Mji wa Kale hadi chini ya ngazi zetu hapa Buxton, na vichwa vya samaki si ghali. Lakini naye ana masharti yake. Lazima achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, chanjo ambayo huanza akiwa na miezi mitatu. Afungwe uzazi. Sanduku lake la mchanga lisafishwe kila siku na mkubwa, ila asiwe mama mjamzito, kwani kinyesi cha paka chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Na paka asiyejulikana akimparura au kumuuma mtoto, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mbio hospitali.

Tena tukumbuke, paka akitunzwa vyema huishi miaka 12, 15 na zaidi. Mdogo wangu atakuwa amefika sekondari, na paka bado ataka kula!

Mwenzangu, kama una mdogo anayelilia mnyama, usikimbilie sokoni na nauli yako kama nilivyofanya mimi. Kwanza jiulize: nani atamlisha siku ya mtihani? Ukiona jibu ni "sijui," mpeleke mtoto akawatazame paka wa jirani, arudi nyumbani.

Sisi sasa tuna paka mmoja wa kike, mwenye madoa. Kumlisha ni kazi yangu. Mdogo wangu kazi yake ni moja: kumimina maji bakulini asubuhi, nami nikisimama kando. Juzi paka alimlalia miguuni. Mtoto akatulia tuli, hakumgusa, akaninong'oneza: "Kaka, nimpapase au nimwache?"

Nikamwambia ampapase polepole.